Barua kwa Mwanangu: Noti Ile Ilikuwa Yako

Mwanangu mpendwa,

Nakuandikia miguu yangu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto na koo limekauka kama gome la mti. Krismasi imepita. Kinanda kimefunikwa kitambaa chake, majoho ya kwaya yamefuliwa, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba hakuna anayeniuliza, "Mwalimu, sisi teno tunaingilia wapi?" Baba yako anasema jana nilihesabu usingizini, moja hadi sita, moja hadi sita. Namwamini. Nusu ya nyimbo zetu mwaka huu zilikuwa za mapigo sita.

Nimechoka, ila ni uchovu mtamu. Nianze na shule.

Umewahi kusikia filimbi thelathini zikitafuta noti moja? Wiki ya kwanza ya mazoezi walimu wenzangu walifunga madirisha. Ya pili wakafunga na milango. Ya tatu akaja mmoja akasimama mlangoni, akaniuliza kama ni kweli hawa ni watoto wale wale. Siri ni moja tu, na nimeichelewa kuijua: kuwazuia wasipulize. Siku nne nzima walishika filimbi, wakaweka vidole kwenye matundu, wakaimba majina ya noti kwa midomo yao bila kupuliza hata mara moja. Walipopewa ruhusa ya kupuliza, vidole vilikuwa vinajua njia.

Kwenye igizo, mchungaji mmoja wa darasa la pili alipaswa kujifanya amelala hadi malaika atokee. Akalala kweli. Malaika akatangaza habari njema mara mbili, kisha akamtikisa kwa mguu. Nilikuwa kwenye kinanda, nikalazimika kurudia kiitikio mara tatu huku machozi ya kicheko yakinidondokea vidoleni.

Na ule wimbo wa kengele za kigari cha theluji, *Jingle Bells*, watoto waliudai kama haki yao. Niliwaambia ulichapwa mwaka 1857 ukiwa na jina jingine, na kwamba neno Krismasi halimo ndani yake. Hawakuniamini. Wakaupekua ubeti kwa ubeti kama mawakili wanaotafuta kosa kwenye hati, wakakosa, wakaniambia basi tutauimba hivyo hivyo. Tukauimba.

Kanisani mambo ni yale yale unayoyajua. Jumapili nne za Majilio, mazoezi hadi usiku, na wazee wangu wa besi wenye ugomvi wao wa kila mwaka: wanataka Haleluya ya Handel. Kila mwaka nawaeleza kwamba Handel aliandika *Messiah*, ule utungo mrefu wa kwaya wenye Haleluya hiyo, kwa siku 24 mwaka 1741, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin mwezi wa Aprili mwaka uliofuata, na kwamba Haleluya inakuja mwisho wa sehemu ya pili, baada ya mateso na ufufuo, mbali kabisa na hori. Wananisikiliza kwa adabu. Kisha mmoja anauliza, "Kwa hiyo tunaanza saa ngapi?" Tumeimba, na waliimba vizuri, wakorofi wale.

Lakini sikuketi kukuandikia habari za besi.

Mwezi wa kumi, tulipozungumza kwenye simu, ulisema mwanao hulala haraka ukimwekea nyimbo. Nikakuuliza kwa nini humwimbii mwenyewe. Ukajibu, "Mama, mimi sina sauti, unajua." Ukacheka. Mimi nilinyamaza, ukadhani mtandao umekatika.

Siku chache baadaye mtoto mmoja wa darasa la tatu akaja kwenye kwaya ya shule. Ana noti moja. Chochote tunachoimba, kipande au kishuke, yeye yuko pale pale chini, kwa nguvu zake zote, uso umejaa furaha. Wenzake walianza kumgeukia. Na mimi, baada ya miaka yote hii ya kufundisha, nilihisi mkono wangu unataka kuinuka kumpa ishara. Unaijua ishara yenyewe: kidole kwenye midomo.

Ulikuwa na miaka minane. Ulikuwa safu ya pili, kilemba cha mchungaji kimekushuka hadi kwenye nyusi. Wageni walikuwa wamejaa na mimi nilitaka kwaya yangu isikike kama chombo kimoja kisicho na ufa. Nikainama nikakunong'oneza, "Leo fungua mdomo tu, mwanangu, usitoe sauti." Ukatii. Ulitii vizuri sana, maana hujaimba tena mbele yangu tangu siku ile. Nami nilijidanganya kwamba hupendi muziki.

Mkono niliurudisha mfukoni. Mtoto yule nikamwomba abaki dakika kumi wakati wa mapumziko.

Zamani ningempigia noti kwenye kinanda nimwambie, "Ifuate." Safari hii nilimwambia aimbe noti yoyote anayoipenda. Akatoa ile yake. Mimi ndiye niliyeifuata. Nikaiimba naye, kimo kile kile, tukaishikilia pamoja. Akanyamaza ghafla, akanitazama kama mtu aliyeguswa bega gizani. Hakuwahi kusikia sauti yake ikikutana na ya mtu mwingine. Alidhani kuimba pamoja ni kuanza pamoja na kumaliza pamoja, basi.

Siku iliyofuata tulilia kama bundi. Tukapiga king'ora cha gari la wagonjwa, kutoka chini hadi juu na kurudi. Mwalimu wa hesabu alichungulia akaondoka bila neno. Watoto wengi wa namna hii masikio yao ni mazima; wameganda kwenye sauti ya kuongelea, hawajui kwamba juu yake kuna chumba kingine. Wapo wasioweza kabisa kutofautisha noti, ila ni wachache mno, na katika miaka yangu yote nadhani sijawahi kufundisha hata mmoja. Nimewanyamazisha wengi, hata hivyo. Wewe ni yule ninayemjua jina la kati.

Nikamtolea ishara za mikono za sol-fa, ule mtindo wa kuziita noti do, re, mi, fa, so kutoka chini kwenda juu, zile ishara alizozieneza John Curwen wa Uingereza karne ya 19. Do ni ngumi kiunoni, mi ni kiganja kilicholala kama meza, so ni kiganja kilichokuelekea kifuani. Mtoto alihitaji kuona sauti ikipanda. Kufikia Desemba alikuwa na noti tano, do hadi so, zake kabisa.

Watoto wa shule huungana na kwaya ya kanisa usiku wa mkesha kwa wimbo mmoja, *Usiku Mtakatifu*. Ninaupenda pia kwa sababu ya aliyeutunga. Franz Xaver Gruber alikuwa mwalimu wa shule kijijini Arnsdorf, na kinanda alikipiga kanisani Oberndorf, kule Austria. Shule na kanisa, kama mama yako. Padri Joseph Mohr alimletea shairi lake siku ya mkesha wa mwaka 1818, na usiku huo huo wakauimba wawili, Mohr akipiga gitaa. Ile hadithi ya panya waliotafuna kinanda haina ushahidi, ingawa kwa kinanda changu ningeiamini.

Ni wimbo wa kulaza mtoto, lakini una mtego. Kutoka noti yake ya chini hadi ya juu kuna ngazi kumi na moja, na ile fa ya juu karibu na mwisho wa ubeti imewaumbua soprano wengi wenye majina. Mtoto wangu wa noti tano angefanya nini pale?

Nilikaa na karatasi usiku mmoja, baba yako akakoroma, nikaona. Wenzake wanapopanda kwenye fa, yeye ashikilie so yake ya chini. Inapatana na kila kinachopita juu yake pale. Kisha wimbo unateremka so, mi, so, fa, re, do, na noti hizo zote anazo. Nikaushusha wimbo mzima nusu toni ili do ya mwisho iangukie pale pale aliposimama tangu Oktoba, kwenye noti yake ya kwanza. Teno walilalamika kwamba ufunguo huo hawajauzoea. Niliwaambia watauzoea.

Taa zilizimwa, ikabaki mishumaa. Ubeti wa kwanza sikumsikia, nikaogopa. Wa pili nikamsikia. Soprano wakapaa, na chini yao ile so ilikaa kama mkono chini ya kisogo cha mtoto mchanga. Kisha wote wakaanza kuteremka, ngazi kwa ngazi, wakamkuta anawasubiri. Mzee mmoja wa besi alinikonyeza. Mimi nilisahau kukata noti ya mwisho. Waliishikilia hadi pumzi zikawaishia mmoja mmoja, na yeye akawa wa mwisho kunyamaza. Watu walidhani ndivyo tulivyopanga.

Alipopita kwenye kinanda akaniuliza, "Mwalimu, umenisikia?"

Nimekusikia, nilimwambia.

Mwanangu, sikukusikia wewe. Nilisikia tu kwamba hukufanana na wengine, nikaona aibu mbele ya wageni. Kosa lilikuwa la mwalimu aliyekuwa na haraka, na mwalimu huyo alikuwa mama yako. Nisamehe. Ulikuwa na noti, nadhani hata nilishajua ni ipi, maana ulikuwa ukiivumisha jikoni ukifunga viatu.

Utapiga simu Jumapili kama kawaida. Habari za kazi ziache kidogo. Mpakate mjukuu wangu, weka simu mahali pa karibu, utoe noti yoyote unayoipenda. Mimi nitaifuata.

Mama