Vitabu Vilivyobaki Vipya: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, itifaki imezingatiwa.

Hesabu atazisoma mweka hazina, na mihutasari ya vikao vya kamati mmegawiwa mlangoni. Dakika zangu nitazitumia kwenye kabati.

Mtakumbuka tulichangishana, tukanunua vitabu vya hadithi vya Kiswahili, tukavipeleka katika shule tatu za sekondari za kata. Mwezi wa tisa nikaenda kukagua. Shule ya kwanza, mwalimu alinipokea vizuri, akafungua kufuli: vitabu vimepangwa wima, havina hata alama ya kidole. "Tumevitunza, mwenyekiti," akasema. Kweli vilitunzwa, bado vinanukia duka. Simlaumu. Kikipotea kimoja, yeye ndiye atakayeandikiwa barua ya kujieleza. Kosa ni letu: tulisainiana hati ya makabidhiano, lakini hatukuandika popote kwamba kitabu kikichakaa kwa kusomwa hakuna atakayedaiwa.

Hapohapo nilikaa na wanafunzi wa kidato cha tatu. Binti mmoja alinichambulia riwaya teule hadi nikashangaa: dhamira, migogoro, wahusika, tamathali za semi. Nikamuuliza ni wapi palipomchekesha. Akanyamaza. Kitabu chenyewe hajawahi kukishika. Alisoma uchambuzi unaozunguka WhatsApp, desa, kama wanavyoliita wenyewe. Na mtihani atafaulu. Hilo ndilo linaloniuma.

Kwenye kikao cha pili baadhi yetu tulitaka chama kipige vita simu. Nilikuwa mmoja wao, na hoja yangu niliiandika kwenye simu. Katibu ndiye aliyetutuliza. Alitusomea matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 na watafiti waliokusanya tafiti 54 za kuanzia 2000 hadi 2017, zenye washiriki zaidi ya 170,000, zikilinganisha usomaji wa karatasi na wa kioo. Karatasi ilishinda kwenye matini ya maarifa, hasa msomaji alipobanwa na muda. Kwenye hadithi tofauti haikuonekana.

Sasa tujitazame. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na kwa shule yenye nakala chache huo ni msaada mkubwa. Ila vitabu vya namna hiyo ndivyo vinavyotaka karatasi, penseli na kurudi ukurasa wa nyuma. Hadithi, ambayo mtoto angeweza kuisoma kitandani kwa simu ya mama, data ikiwa imezimwa, inamfikia ikiwa imeshageuzwa desa. Tumeyapindua mambo.

Wapo waliolalamika kwamba fedha zingenunua vitabu vya Kiingereza. Nawajibu hivi: katika shule zetu za serikali mtoto husoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha akifika kidato cha kwanza karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Asiyewahi kumaliza kurasa hamsini kwa lugha anayoiotea ndoto, atazimalizaje kwa lugha ambayo bado anajifunza?

Shule ya pili haina la kusimulia. Ni kama ya kwanza, kabati tu ni la chuma. Ya tatu mwalimu alimkabidhi ufunguo mwanafunzi wa kidato cha pili, na daftari la mistari la kuandikia wanaoazima. Vitabu viwili vimepotea. Kati ya vilivyorudi, kimoja hakina jalada, kingine kina madoa ya mchuzi. Daftari limejaa, wameanza la pili, na wameniuliza vipya vinakuja lini. Mjumbe mmoja wa kamati ameita hiyo hasara. Mimi nimeomba iandikwe kwenye mihutasari kuwa ni matumizi.

Kamati inapendekeza mambo mawili. Hati ya makabidhiano iandikwe upya, chama kibebe gharama ya vinavyochakaa na vinavyopotea. Na kila shule ipate mwanachama mmoja wa kupita kila mwezi kutazama daftari, si kabati. Shule ya tatu imeshapata mtu. Majina ya watakaopita shule mbili za mwanzo nayapokea hapa mezani kabla ya chai.