Vikoba tuvunje Januari, sio Desemba

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo naliona kila mwaka na safari hii limeniuma zaidi. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha vikoba, yaani cha kuweka hisa na kukopeshana, huku Mbagala, wengi wetu ni kina mama, kuna mama lishe, wauza mitumba, vijana wa bodaboda na walimu wachache. Desemba tunavunja kikundi, kila mtu anachukua hisa zake na faida, vigelegele vinapigwa, halafu ikifika wiki ya pili ya Januari wale wale waliochukua hela nzuri ndo wanaanza kunipigia, dada hakuna chochote kwenye sanduku hata cha dharura? Hakuna, si tumevunja juzi tu.

Simlaumu mtu aliyeenda kwao Moshi au Bukoba kula sikukuu na wazazi. Mtu hajamuona mama yake mwaka mzima, aende mikono mitupu kweli? Kuna nauli ya familia nzima kwenda na kurudi, nguo za watoto, kitoweo, na huko huko nyumbani unakuta kipaimara cha mtoto wa kaka, harusi ya binamu, kikao cha ukoo na mchango wake, yaani vyote vimebanana kwenye wiki mbili hizo hizo. Na wenye mishahara ndo wanalipwa ya Desemba kabla ya Krismasi, kwahiyo mpaka waione ya Januari inakuwa zaidi ya mwezi mzima, na hapo katikati shule zinafunguliwa. Serikali ilifuta ada mpaka kidato cha nne tangu 2016, na 2022 ikafuta ya kidato cha tano na sita, tunashukuru sana, lakini sare, viatu, begi na madaftari ni vya mzazi, na waliopeleka watoto shule za binafsi ada iko pale pale. Mwenye nyumba naye anataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo.

Hapo ndo mtu anakimbilia kausha damu, yaani mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa. Naomba wasomaji wapige hii hesabu pamoja na mimi. Umekopa laki moja kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, mwisho wa mwezi unadaiwa laki na thelathini. Huna, wanakuongezea mwezi, inakuwa laki na sitini na tisa. Mwezi wa tatu inakaribia laki mbili na ishirini, na wewe ulichonunua ni viatu vya shule na gunia la mkaa. Benki Kuu iliweka ukomo wa riba kwa hawa wakopeshaji wasiopokea amana, yaani wasiotunza akiba za watu, asilimia 3.5 kwa mwezi, na wanatakiwa wawe na leseni, kwahiyo huyo wa asilimia 30 jua kabisa yuko nje ya utaratibu. Novemba 2024 Benki Kuu hiyo hiyo ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yanakopesha bila leseni, zile zinazosoma namba zote kwenye simu yako halafu ukichelewa kulipa wanamtumia meseji mpaka mkwe wako. Kuna walimu na wastaafu wanaacha kadi ya benki na namba ya siri kwa mkopeshaji, mshahara ukiingia anatoa yeye, mwenye mshahara anarushiwa kilichobaki. Hii inanitoa machozi kila nikiifikiria maana mtu huyo anafanya kazi mwezi mzima na hela yake haishiki.

Sasa kwa ambaye tayari yuko kwenye hali hiyo, nitasema ninachowaambia wanachama wetu. Kaa na mwenzako chini, mume au mke, muandike kila deni kwenye karatasi moja, la dukani kwa mangi, la simu, la jirani, la kausha damu, mengine utakuta mwenzako hata hakuwa anayajua na ugomvi utakuwepo kidogo lakini bora ugomvi huo sasa hivi kuliko mtu kuja kubeba friji mbele ya watoto. Anza kulipa lile linaloongezeka haraka. Jirani ukimueleza vizuri atasubiri, mangi ukimpunguzia kidogo kidogo atakuvumilia, lakini zile hela za simu za kumalizia muamala, unazokopeshwa salio lisipotosha, makato yake yanapanda kila siku na ukipokea hela yoyote inakatwa hapo hapo, usiziache zikae. Usikope kausha damu wa pili kumlipa wa kwanza, hata akikubembeleza vipi. Na nenda kwa mwenye nyumba kabla tarehe haijafika, usisubiri akutafute, mwambie nina ya mwezi mmoja, naomba hizi nyingine nikupe mwisho wa Februari. Wengi wanakubali, kinachowaudhi ni kuzimiwa simu. Shuleni vivyo hivyo, viongozi wa serikali wamekuwa wakisema Januari mtoto apokelewe hata kama sare haijakamilika, kwahiyo mzazi mpeleke mtoto siku ya kwanza, ongea na mwalimu mkuu, usimfungie nyumbani kwa aibu yako wewe.

Ila hayo yote ni ya kuzima moto. Nilichokalia kuandika hasa ni hili la kuvunja Desemba.

Wasiokuwa kwenye vikundi huenda hawajui inavyokwenda. Mzunguko ni mwaka mmoja, mnanunua hisa kila wiki, mnakopeshana, riba inakuwa faida yenu wenyewe. Sasa ili mvunje Desemba inabidi mikopo isimame kama Oktoba hivi, na kila anayedaiwa arudishe kabla ya mgao. Aliyekopa kununua mzigo wa biashara mzigo haujatoka, anafanyaje? Anaenda kwa kausha damu anakopa, anarudisha kwenye kikundi ili apate mgao wake, akipata mgao anamlipa kausha damu na riba yake, kinachobaki ndo anakula nacho sikukuu. Yaani tunamaliza mwaka kwa kumtajirisha mtu wa nje, na Januari tunarudi kwake tena kwa sababu sanduku halina kitu.

Kwahiyo napendekeza vikundi tusogeze. Tuvunje wiki ya kwanza ya Januari, au kama hiyo ni ngumu tugawe mara mbili, sehemu Desemba ya kwenda kuwaona wazazi na sehemu kubwa Januari kabla shule hazijafunguliwa. Na mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida, usiguswe kabisa kwenye mgao, ubaki ili mwenye mtoto anayeanza kidato cha kwanza akope humo kwa riba ndogo. Nimeshasikia watu wakisema hela ni yangu kwanini nipangiwe, sawa, ndo maana lazima ipigiwe kura, wanachama wakikataa basi. Wengine wanaogopa hela nyingi kulala kwenye sanduku kipindi cha sikukuu watu wakiwa safarini, na hapo wana haki kabisa, kufuli tatu hazimzuii mwizi kubeba sanduku zima. Hiyo ipelekwe benki au kwenye akaunti ya kikundi ya simu ambayo hela haitoki mpaka viongozi zaidi ya mmoja waidhinishe. Tena kila mwanachama apate meseji ya salio kabla hajapanda basi, maana mkisogeza tarehe na watu hawaioni hela yao, maneno yataanza na kikundi kitakufa.

Maafisa maendeleo ya jamii wa kata nawaomba mtusaidie kwenye hili. Kwa sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 vikundi vyetu vinasajiliwa kupitia halmashauri na katiba zetu mnazipitia nyinyi, mkija kwenye mikutano ya kuanza mzunguko mpya waulizeni watu wanataka kuvunja mwezi gani na kwanini, msiruhusu tu tarehe ya mwaka jana inakiliwe tena. Vikundi vingi vinaanza upya mwezi huu wa kwanza na katiba zinafunguliwa sasa, wakishaanza kununua hisa kubadilisha ni kazi. Kwetu nimeshaomba iwe ajenda ya kikao kijacho, na mwenyekiti amekubali.

Mweka hazina wa kikundi,
Mbagala, Dar es Salaam