Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: tone lile lile la damu

Mheshimiwa Waziri,

Mama yangu ana miaka 71 na hakuwahi kuambiwa ana kisukari. Alfajiri moja mkono wake wa kushoto ukaanza kujirusha. Haukuwa mtetemeko wa uzee. Ulikipiga kikombe cha chai hadi ukutani, na mguu wa upande huo ukafuata. Akaukalia mkono. Tukaufunga kwa khanga. Akilala unatulia, akiamka unaanza upya. Jirani akasema hata shetani hulala, tutafute mganga. (Sikumcheka, nami nilishaanza kuwaza hivyo.)

Tulikwenda zahanati. Wakampima malaria, hana. Wakampa dawa za kifafa, ilhali muda wote alikuwa anazungumza nasi na akili zake timamu. Hospitali ya pili, picha ya CT ikaonyesha doa jeupe ubongoni upande wa kulia. Tukaambiwa damu imevuja, ni kiharusi. Siku ya tano, nesi wa zamu ya usiku akamchoma kidole: sukari 31! Ya mtu mzima mwenye afya, kabla hajala, haifiki 7.

Wataalamu wako wanaijua hali hii. Imeandikwa tangu 1960. Sukari ikipanda mno huvuruga sehemu za ndani ya ubongo zinazoongoza mwendo, na mara nyingi upande mmoja wa mwili hucheza bila mwenyewe kutaka. Huwapata zaidi wazee, hasa wanawake, na kwa wengine ndiyo dalili ya kwanza ya kisukari. Doa lake kwenye picha hudhaniwa damu. Tiba yake kubwa ni kuishusha sukari. Mama alipewa dripu na insulini, na siku ya tisa akashika kikombe mwenyewe.

Kinachoniuma ni hiki: zahanati ile ilishamchoma kidole siku ya kwanza. Tone lile lile lingetosha. Mashine ya sukari niliiona mezani. Vijiti vyake vilikuwa vimeisha.

Naomba vijiti hivyo viagizwe pamoja na vipimo vya malaria, kila mara. Na uandikwe mwongozo kwamba anayeletwa kiungo kinarukaruka, mdomo umepinda au hajitambui, apimwe sukari kabla ya kuandikiwa dawa yoyote.

Mama anakusalimu. Anasema mkono umepona, ila kikombe kile kilikuwa cha seti.

Mwananchi, Tanga