Mwanangu, msome Anne kwanza

Mwanangu Neema,

Huku hatujambo. Mvua zimeanza kwa fujo, na baba yako amekwenda shamba kuokoa mahindi yake. Nimeusoma ujumbe wako kuhusu lile somo la fasihi ya mwanzo ya Marekani. Unasema Wapuritani, wale Waprotestanti wenye msimamo mkali waliotoka Uingereza wakahamia Marekani karne ya 17, wanakuchosha, ni watu wa kununa na kuchoma wachawi, na unafikiria kubadilisha somo. Kabla hujaenda kwa mshauri wako, nisikilize kidogo, na umsome kwanza mshairi wao, Anne Bradstreet.

La wachawi tulimalize kwanza. Salem, mji wao huko Massachusetts, mwaka 1692, hawakuchoma mtu. Waliwanyonga watu 19, na mzee mmoja aliyeitwa Giles Corey wakamlundikia mawe kifuani mpaka akakata roho, kwa kuwa alikataa kujibu mashtaka. Siwatetei, kitanzi si nafuu ya moto. Ila miaka mitano baadaye mmoja wa majaji wale, Samuel Sewall, alisimama wima kanisani huko Boston, mbele ya watu wote, huku mchungaji akiisoma karatasi yake ya kukiri kwamba aibu na hatia ya mambo yale anaibeba yeye. Mwaka 1700 mtu huyohuyo akachapisha kijitabu cha kupinga utumwa. Na nyumbani aliandika shajara mpaka uzeeni.

Ukielewa kwa nini jaji anaandika shajara, umeielewa nusu ya fasihi yao. Waliamini Mungu alikwishachagua tangu awali nani ataokoka, wala hakuna wa kuubadili uamuzi huo. Ungedhani watu wa imani hiyo wangekaa kitako wakisubiri. Wapi! Walihangaika usiku na mchana wakitafuta dalili ndani yao kama wamo katika wateule. Mtu akiugua, akifurahi kupita kiasi, akimkasirikia mkewe, aliuliza jambo hilo lina maana gani kwa roho yake, kisha akaliandika. Tena huko Massachusetts, kuanzia miaka ya 1630, aliyetaka kuwa mshirika kamili wa kanisa alipaswa kusimulia jinsi neema ilivyomfikia. Mchungaji Thomas Shepard wa Cambridge aliziandika daftarini shuhuda za waumini wake, na za watumishi wa ndani zimo.

Wewe umelelewa na shuhuda za walokole, utadhani unazijua. Zisome uone tofauti. Bibi yako kule Bukoba anaitaja tarehe aliyookoka kama anavyotaja tarehe ya harusi yake. Waumini wa Shepard hawana tarehe. Mtu anasema alipata tumaini, kisha shaka ikarudi, kisha akasikia mahubiri fulani, kisha tena giza. Ushuhuda unaisha na mtu bado yuko njiani. Mimi naona Wamarekani hawajaacha kuandika hivyo hadi leo.

Mengine utayakuta darasani. Chuo cha Harvard 1636, mashine ya uchapaji miaka michache baadaye, Zaburi walizozitafsiri upya na kuzichapa mwaka 1640, sheria ya 1647 iliyotaka kila mji wenye kaya 50 uwe na mwalimu wa kusoma na kuandika, maana asiyejua kusoma Biblia ni windo la Shetani. Katika dibaji ya zile Zaburi waliandika kwamba madhabahu ya Mungu haihitaji sisi tuing'arishe. Ndiyo sababu nathari yao haina mapambo, na ndiyo sababu baadhi ya Zaburi zile haziimbiki! Ile hotuba ya Winthrop, gavana wa koloni lao, ya “mji juu ya mlima” isikushughulishe sana. Wanasiasa wameitumia mpaka imechakaa, na ukweli ni kwamba ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1838, zaidi ya miaka mia mbili baada ya kuandikwa.

Ninayetaka umsome ni Anne Bradstreet. Aliolewa akiwa na miaka kama 16, akavuka bahari mwaka 1630 pamoja na mumewe na wazazi wake. Uzeeni aliwaandikia watoto wake barua, nao walikuwa wanane. Anawaambia kwamba alipofika alikuta dunia mpya na desturi mpya, na moyo wake ukagoma, mpaka aliposadiki kuwa ni njia ya Mungu ndipo akanyenyekea. Anawaambia pia, bila kuficha, kwamba mara nyingi alijiuliza kama Mungu yupo kweli, maana hakuwahi kuona muujiza. Na kama yupo, atajuaje kwamba si dini ya Wakatoliki iliyo ya kweli? Mama wa Kipuritani anawaandikia hayo watoto wake, karne ya 17! Nimezaa, nimelea, nimekaa kwenye kamati ya akina mama kanisani, na sijawahi kuwa na ujasiri wa kuwaandikia ninyi barua kama ile.

Diwani yake ilitoka London mwaka 1650, baada ya shemeji yake kuubeba mswada hadi Uingereza, na inasemekana yeye mwenyewe hakuambiwa. Ni kazi ya msomi, na nakuruhusu uipitie haraka. Mashairi yenye uhai ni yale ya nyumbani. Tarehe 10 Julai 1666 nyumba yao iliungua usiku. Katika shairi la moto ule anamshukuru Mungu aliyetoa na aliyetwaa, kama tusemavyo sisi msibani. Baadaye anapita penye magofu na macho yanamponyoka: hapa nilikuwa nakaa, pale palikuwa na sanduku, pale kasha, hakuna mgeni atakayekula tena mezani hapa. Halafu anajikemea, anakumbuka nyumba ya mbinguni. Mwalimu wako atasema imani imeshinda. Lisome kwa sauti, uone sauti inanogea wapi, penye mbingu au penye kasha.

Kisha kuna wajukuu. Walimfia kwa kufuatana, na wa tatu, Simon, alifariki Novemba 1669 akiwa na umri wa mwezi mmoja na siku moja. Anne anawaita maua matatu, mawili hayajachanua sawasawa na la mwisho bado tumba, yamekatwa kwa mkono wa Mwenyezi. Na hapohapo, kwenye mstari uleule, anaongeza: hata hivyo ni mwema. Halafu anasema ndivyo alivyopenda Mungu, lakini kwa nini, tusibishane. Asiye na swali hahitaji kuwakataza watu kubishana, Neema. Swali limo humo, limefungiwa mlango, na sisi tunalisikia likigonga.

Sasa, kuhusu insha yako. Achana na kichwa ulichonitajia, hicho cha “athari za Wapuritani kwa roho ya Marekani.” Utazunguka kurasa kumi hujafika popote, na mwisho utamkimbilia Hawthorne, yule mwandishi wa riwaya, na babu wa babu yake aliyekuwa jaji wa Salem, kama wanafunzi wote. Chukua shairi hilo la mjukuu, uliweke kando ya shairi refu la mchungaji Michael Wigglesworth la mwaka 1662 kuhusu Siku ya Hukumu, ambalo watoto wa koloni walilikariri. Mle watoto wachanga waliokufa kabla hawajatenda jema wala baya wanasimama mbele ya Hakimu na kujitetea. Wanahoji kwa nini Adamu aliyekula tunda asamehewe na wao wahukumiwe. Hakimu anawajibu kwa hoja ndefu, kisha anawapa chumba kilicho chepesi kuliko vyote, humohumo motoni. Shairi hilo lilikuwa limesomwa sana kwa miaka saba wakati Anne anamzika Simon. Angalia bibi huyu anafanya nini na jibu lile. Hapo ndipo uanzie kuandika.

Nitumie rasimu hata kama haijakamilika. Kalamu yangu nyekundu bado ipo.

Mama yako