Changamoto si jina la kila tatizo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu semi ambazo zimezoeleka mno vinywani mwetu, hata msemaji hatambui tena kuwa anazitumia, ilhali msikilizaji anakereka kila zinapotamkwa.

Sizungumzii makosa ya sarufi. Anayesema "nyimbo hii" badala ya "wimbo huu" anastahili kusahihishwa, lakini tunamwelewa. Na anayesema "masaa mawili" ana hata kisingizio, kwa kuwa "saa mbili" yaweza kuwa muda au wakati wa siku. Kinachonikera mimi ni usemi unaomwezesha mtu kuzungumza bila kusema lolote, na unaoongoza ni "changamoto". Neno hili lilikusudiwa kutaja jambo linalomtia mtu ari ya kujipima. Siku hizi deni ni changamoto, wizi ni changamoto, na mgonjwa aliyekosa dawa anaambiwa kuna changamoto kidogo.

Chukua tangazo la aina hii, ambalo kila msomaji amewahi kukutana na mfano wake: "Kutokana na changamoto zilizojitokeza katika suala zima la usambazaji wa maji, zoezi la ukarabati linaendelea." Ondoa "suala zima la" na "zoezi la", na sentensi haitapungukiwa na chochote. Yaliyobaki nayo hayamwambii mwananchi bomba limepasuka wapi, nani analitengeneza, wala maji yatatoka lini. Kisha huja ombi la radhi "kwa usumbufu wowote uliojitokeza", kana kwamba huenda haukujitokeza.

Hilo "wowote" lina ndugu yake majumbani, nalo ni "samahani kama nimekukosea". Neno "kama" linalitia shaka kosa lenyewe, na aliyeumizwa analazimika kuthibitisha kwanza kwamba ameumizwa ndipo aombwe radhi. Naliona hili kuwa baya kuliko yote, kwa sababu linaharibu uhusiano wa watu wanaopendana.

Wapo wanaochukizwa na "yaani" na "kiukweli". Mimi huyavumilia, maana ni pumzi ya mtu anayetafuta la kusema. Siwezi kusema hivyo kuhusu "unanielewa?" inayorudiwa kila baada ya sentensi, hasa mkubwa anapozungumza na mdogo wake, kwani aliyeulizwa hapewi nafasi ya kujibu, ila anafanywa mzito wa kuelewa mbele za watu.

Kwa kuwa magazeti hubeba maneno haya kutoka kwenye hotuba hadi barazani, nawaomba waandishi wako, kiongozi anaposema kuna changamoto, wamuulize pale pale ni tatizo gani, limesababishwa na nani, na litakwisha lini, kisha waandike jibu lake, au waandike kwamba hakujibu.

Wako mtiifu,
Msomaji wa siku nyingi