Kaka, angalia kwanza hiyo karatasi

Kaka salama? Huku wazima, mama anakusalimia sana, anauliza baridi ya Cape Town imeisha au bado mnalala na makoti.

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, makelele ya barabarani yameniua ila nimeelewa, huyo mnayekaa naye kaenda kurenyu kibali cha ukimbizi akashikwa hukohuko, na sasa watu wanasema kuna nchi inamtaka. Mi sio wakili, si unajua ni karani tu wa mahakama, ila hili lilishamkuta Mzanzibari mmoja na ni hapohapo mlipo.

Unamkumbuka Khalfan Khamis Mohamed? Wa bomu la ubalozi wa Marekani, 7 Agosti 1998, siku ya Ijumaa, sisi darasa la tano tunawaza kesho Nane Nane hakuna shule, mara madirisha yakatikisika mwalimu akasema tairi la lori hilo limepasuka andikeni. Walikufa 11 hapa Dar, na Nairobi, lilikolipuka lingine siku hiyohiyo, zaidi ya 200. Jamaa akatimkia Cape Town na pasipoti yenye jina lingine, akaomba ukimbizi, akapata kazi kwenye mgahawa wa baga. Oktoba 1999 kaenda na yeye kurenyu karatasi, kumbe FBI, wapelelezi wa Marekani, wameshamtambua, kufumba na kufumbua yuko kwenye ndege ya New York.

Sasa Sauzi walijitetea kwamba hatujamkabidhi kwa mtu, tumemdipoti tu kwa sababu aliingia kwa uongo. Haya, kama ni kudipoti si ungempeleka kwao Zanzibar? Kumdipoti mtu ni mambo ya uhamiaji, unamtoa kwako basi. Kumkabidhi ashtakiwe kwingine, haya wanayoita kubadilishana wahalifu (utafikiri tunabadilishana sigara), kuna ngazi zake, serikali inaiandikia serikali, faili linafika kwa hakimu, na hakimu hakuulizi umeua au hujaua, anaangalia hilo kosa ni kosa nchi zote mbili, na ushahidi unatosha kumfungulia mtu kesi, tena isiwe siasa imevalishwa nguo za jinai, halafu ndio waziri asaini. Na ukipelekwa kwa wizi washtaki huohuo wizi, wasikugeuzie kibao ukishafika. Khalfan alirushwa ngazi zote hizo.

Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya huko kwenu ikawaambia serikali iteni jina mnalotaka, hamkuwa na ruhusa ya kumtoa bila Marekani kuahidi hatauawa, maana hukumu ya kifo nyie mlishaifuta 1995. Wajerumani walikuwa wameshamkabidhi mshtakiwa mwingine wa kesi hiyohiyo ila ahadi waliidai kwanza. Lakini ndege ilishaondoka zamani, kesi imefika mwisho, majaji wakabaki kuagiza hukumu yao itumwe kwenye mahakama ya New York. Juri ya kule, wale raia wanaoamua kesi, haikukubaliana auawe au la, akala maisha.

Na lile la vijiweni eti ubalozi ni ardhi ya Marekani, achana nalo, pale Laibon Road ulipokuwa ubalozi siku hizo ni Dar ileile, walikuwa na kinga tu polisi wetu wasiingie bila ruhusa. Ndio maana kuna mtu alishtakiwa hapahapa kwa bomu hilohilo na 2004 Mahakama Kuu ikamwachia. Marekani nao wana sheria zao zinazowafuata watu wao na majengo yao popote duniani, kwa hiyo kosa moja nchi mbili zote zina haki ya kulisikiliza, na mara nyingi anayemshika mtu mkononi ndiye anayeamua mchezo uchezwe wapi. Hapo ndipo mi huwa naogopa.

Basi nenda kamwone huyo jamaa, au aende mtu mwenye karatasi safi, wewe na kibali chako hicho usijipeleke. Aulize ameshikwa kwa karatasi ya uhamiaji au kuna hati ya hakimu, aipige picha. Na jamaa aambiwe asisaini kitu, hasa kile kifomu cha kukubali kuondoka kwa hiari, mpaka aonane na wakili. Nitumie hiyo picha leoleo, bando langu linaisha saa sita usiku.