Kuku wa kisasa hachemshwi kabla ya kuokwa

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe hoja kuhusu mapishi ya kuku mzima. Kila ukisoma, maelekezo ni yaleyale: mchemshe kuku hadi aive, kisha mtie kwenye oveni apate rangi. Kwa jogoo wa kienyeji aliyekomaa, sawa: nyama yake haitalainika bila kuchemka saa nzima au zaidi. Lakini kuku wa kisasa wa wiki tano au sita ukimfanyia hivyo, ladha inabaki kwenye supu na kidari kinatoka kikavu.

Huyu anataka chumvi mapema na ngozi kavu. Kwa kuku wa kilo moja na nusu, chukua chumvi kijiko kimoja cha chakula cha kusawazisha na pilipili manga kijiko cha chai. Mpake jana yake, ndani na nje. Pitisha vidole kati ya ngozi na kidari, polepole isichanike, usukumie humo kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa. Ukivipaka juu vitaungua na kuwa vichungu kabla paja halijaiva. Ndimu isikae usiku kucha, hufanya nyama ya juu iwe teketeke; kamulia mezani.

Kisha alale kwenye friji bila kufunikwa, shelfu ya chini kabisa asidondoshee vyakula vingine. Na jamani, kumwosha kwenye sinki ni kurusha vijidudu hadi kwenye kachumbari. Mfute tu kwa karatasi. Moto ndio unaoua.

Oveni iwe imeshapata moto, nyuzi 220. Mlaze juu ya vitunguu maji vilivyokatwa vinene, kwenye trei fupi, maana chombo chenye kina hufungia mvuke na ngozi inabaki laini. Baada ya dakika 20 shusha hadi 180, umwache dakika 45 hadi 55. Mchome kisu pale paja linapoungana na mwili: maji yatoke maangavu. Kipimajoto ni cha uhakika zaidi, kisome 74. Wekundu kwenye mfupa usikutishe kama kimefika hapo. Kwa kuku mchanga, hasa aliyegandishwa, rangi hiyo hutoka kwenye uboho. Mwache dakika 15 kabla ya kumkata, la sivyo mchuzi wote utabaki kwenye ubao.

Asiye na oveni atumie sufuria nzito na moto wa juu na chini kama wa keki: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Kuku akikataa kupata rangi, ongeza makaa ya juu, si ya chini.

Wanaopenda tui wapake lile zito, mara mbili, katika dakika 15 za mwisho. Likitangulia hulowesha ngozi, halafu huungua.

Msomaji wako,
Tanga